Jicho la Mke Mwenza

Seli zilikuwa zimefunga. Nasra Ijumaa aliinamia hadubini, akaisogeza sahani kushoto kidogo, kulia kidogo, akitafuta pengo. Hakuliona. Kutoka ukingo hadi ukingo zilikuwa zimebanana bila nafasi hata ya kupitisha tone, na chini yake kile kiunzi cha magamba ya perege kilikuwa angavu kabisa. Aliiinua sahani mbele ya dirisha, akasoma maandishi ya kalenda ya ukutani kupitia humo.

"Imekubali?" aliuliza Dk. Komba, daktari wa upasuaji. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, kwa sababu chai hairuhusiwi kuvuka kizingiti.

"Imekubali."

"Basi bibi yako anaona, Nasra! Tumpange Jumatatu?"

Nasra aliirudisha sahani kwenye kiatamizi, akaufunga mlango wake taratibu kama anayefunga chumba alicholala mtoto. "Nipe mwisho wa wiki, daktari. Kuna jambo la nyumbani."

"Konea haingoji mambo ya nyumbani. Ikishafunga hivi, ina siku chache tu kabla haijaanza kuzeeka. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua."

Dk. Komba alimtazama, akanywa chai yake, akaondoka. Nasra alibaki ameegemea kiatamizi. Alikuwa ameotesha konea, vile vioo vya mbele ya jicho, kwa miaka kumi na moja, na hakuna iliyowahi kutoka safi kama hii. Wala hakuna aliyowahi kuiogopa kama hii.

Jina kamili la mahali pale lilikuwa Kitalu cha Tishu cha Kondoa, lakini mjini walisema tu Kitaluni. Ugonjwa wa vikope ulikuwa umekwisha kufutwa. Watoto wa shule waliusoma kama walivyosoma habari za ndui. Wazee, hata hivyo, walikuwa bado wanatembea nao. Kope zao zilikuwa zimegeukia ndani ujanani, zikakwaruza kioo cha jicho mpaka kikawa kovu jeupe, na chemchemi ya seli zinazokifanya upya, ile iliyo ukingoni mwa weusi wa jicho, ikakauka. Kwa watu hao Kitaluni walichukua punje ya ukingo kutoka jicho zima la mtu aliye hai, punje ndogo kuliko mbegu ya mchicha, wakailaza kwenye kiunzi cha magamba ya samaki wa Mtera, wakailisha maji ya virutubisho yenye rangi ya waridi mpaka ikatanda. Mtoaji alirudi nyumbani na jicho jekundu la wiki moja. Mpokeaji alirudi nyumbani akiona.

Shida ilikuwa kulingana. Mwili wa mpokeaji hukataa seli za mtu asiyefanana naye, na kufanana huko hakufuati undugu wala sura. Kulikuwa na mashine ya kazi hiyo, mlinganishi, iliyowajua watoaji wote wa kanda ya kati.

Na kulikuwa na sheria. Mtoaji alikuwa na haki ya kusitiri, yaani jina lake lisijulikane na anayepokea. Mpokeaji alikuwa na haki ya kukataa, yaani kumtaja mtu yeyote ambaye hataki kubeba sehemu yake mwilini. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wamefikiria kesi za mashamba, damu zilizomwagika, ndoa zilizovunjika vibaya. Hawakuwafikiria wake wenza wawili wa kijiji cha Bolisa waliokula sahani moja kila siku ya Mungu. Haki hizo mbili zikigongana, hakuna aliyejua isipokuwa mtaalamu anayechukua tishu, na mtaalamu huyo aliaminiwa kusema.

Mtaalamu alikuwa Nasra, na hakuwa amesema.

*

Bibi Mwasiti alikuwa bibi yake wa damu, mke mkubwa wa marehemu babu yake. Bibi Zaituni alikuwa mke mdogo. Wazazi wa Nasra walikuwa walimu Manyoni, wakamwacha kwa bibi hao wawili tangu hajajua kutambaa, na kazi ya kumlea waligawana kwa namna yao: Zaituni alimbeba mgongoni, Mwasiti alimsimulia hadithi. Mpaka leo Nasra hakuweza kusema ni yupi aliyemlea zaidi.

Wanasema Zaituni alipoolewa, Mwasiti hakumwitikia salamu kwa miaka miwili. Alikuwa akipita uani kama anapita karibu na mti. Kisha kope zikaanza kumchoma. Mume wao alikuwa mtu wa safari, na asubuhi moja Zaituni alimkuta mke mwenzake ameinamia ukuta, machozi yanamtoka, anajaribu kujing'oa kope kwa kucha. Zaituni hakusalimia. Alikwenda ndani, akaja na kibano, akamshika kidevu, akamng'oa moja moja. Akafanya hivyo kila asubuhi kwa miaka. Haikusaidia mwisho wa yote, ukungu ulikuja, na baada ya ukungu giza. Mume alipofariki, kaka zake Zaituni walikuja kumchukua kumrudisha Babati. Aliwapikia, wakala, wakaondoka bila yeye.

Kwa hiyo siku Nasra alipomketisha Mwasiti Kitaluni na kumwekea kinasa sauti mbele yake, ili atamke kama kuna mtu anayemkataa, alitegemea kusikia hakuna.

"Nitapokea kwa Mwislamu," alisema Mwasiti, akiwa amekaa wima, mtandio wake umefungwa vizuri. "Nitapokea kwa Mkristo na kwa asiyesali kabisa. Mwanamume, mwanamke, mwizi, mradi kama kaiba, kaiba kwa mkono. Ila Zaituni, hapana."

Nasra alicheka. "Bibi!"

"Unacheka nini? Chombo kimesikia?"

"Kimesikia."

"Basi."

Hakutaka kueleza, na Nasra hakumbana. Walikuwa wamejaribu kwanza seli za shavu lake mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili zikaota zikiwa na ukungu uleule aliokuwa nao. Walilinganisha na watoaji wote. Hakupatikana hata mmoja. Mwasiti alipoambiwa alisema Mungu anajua, akaomba kurudishwa nyumbani kabla mlenda haujapoa.

Zaituni alikuja wiki iliyofuata, peke yake, nyuma ya bodaboda ya umeme, mikono yote miwili imemkumbatia dereva kiasi kwamba kijana wa watu alishuka akihema. Nasra alimpa kiti. Alikaa akikanda magoti yake, kama alivyofanya kila alipokaa.

"Nimesikia jicho la mtu hai linatoa punje tu," alisema. "Halitolewi lote."

"Punje tu, Bibi Mdogo."

"Toa langu, mpe mwenzangu."

"Amekukataa. Kwa sauti yake."

"Najua. Alirudi siku ile akanitambia: nimewaambia nchi nzima inaruhusiwa, wewe tu hapana." Zaituni alitabasamu, na tabasamu halikudumu. "Ndiyo maana nimekuja peke yangu. Asijue. Si mna hiyo haki ya kusitiri?"

"Bibi Mdogo, haiwezekani."

"Nasra, nisikilize mwanangu. Magoti haya yameisha. Mlitaka kunioteshea gegedu, mkachukua seli za pua yangu, zikagoma. Sasa mfupa unasaga mfupa. Juzi tumekwenda bombani, nikaanguka, naye kwa kuwa amenishika akaanguka juu yangu. Tukacheka pale chini mpaka majirani wakaja. Lakini mimi nilipofika nyumbani nilijiuliza." Aliacha kukanda magoti. "Nikitangulia, nani atamshika mkono? Wewe una kazi. Baba yako ana kazi. Mtamwajiri msichana. Msichana atamwambia kwamba mahindi yameota? Atamwambia mbuzi wa jirani amezaa mapacha, mmoja mweusi, mmoja ana soksi nyeupe? Mimi humwambia kila kitu, Nasra. Akinikosa atakuwa kipofu mara ya pili."

Nasra alimpima ili kumridhisha, tena alijiambia waziwazi kwamba ni kumridhisha tu, kwamba watu wawili wasio ndugu hawawezi kulingana pale ambapo kanda nzima imeshindwa. Alikwenda kunawa mikono. Aliporudi, mlinganishi ulikuwa umewasha taa ya kijani.

Alisimama akiitazama taa ile. Kisha akamlaza bibi yake mdogo, akamtia dawa ya ganzi, akachukua punje.

*

Ijumaa baada ya swala Nasra alifika Bolisa. Aliwakuta uani juu ya mkeka, kati yao sinia la ugali wa uwele na bakuli la mlenda wa karanga. Zaituni alikuwa akisimulia.

"Alizeti za Mzee Suti zimegeuka zote upande wa barabara. Moja tu imetazama huku kwetu."

"Hiyo moja ina akili," alisema Mwasiti. "Nani huyo? Nasra? Sikia anavyokanyaga, kama amebeba gunia. Umechoka nini?"

Nasra aliwaamkia, akanawa, akakaa. Alikula matonge mawili yasiyopita. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Kulikuwa na maneno ya kunyamaza na maneno ya kusema. Ya kunyamaza yalikuwa mazuri sana. Jumatatu bibi anapasuliwa, wiki ijayo anaona, Zaituni anapumzika, na hakuna anayeumia. Kilichomsumbua ni kitu kidogo. Alikuwa bado anamwona Mwasiti akitamka lile "hapana" mbele ya kinasa sauti, amekaa wima. Lilikuwa jambo pekee ambalo Nasra alimwona akiamua peke yake kwa miaka mingi. Chakula alipewa, nguo alichaguliwa, njia alionyeshwa. Lile hapana lilikuwa lake.

"Bibi," alisema. "Konea yako imepatikana. Iko tayari."

Mkono wa Mwasiti ulisimama juu ya bakuli. "Imepatikana?"

"Ndiyo."

"Alhamdulillahi!" Zaituni alidakia haraka, sauti juu kupita kawaida. "Unaona? Nilikuambia! Mungu si—"

"Ni ya Bibi Mdogo," alisema Nasra.

Kuku alipita juu ya ukingo wa mkeka, wala hakuna aliyemfukuza.

"Nilichukua jichoni kwake. Nilijua umemkataa, na nilichukua. Nimekuja kukuambia kabla haijawekwa, kwa sababu ni jicho lako."

Zaituni ndiye aliyeanza. "Nasra! Nilikuomba kitu kimoja! Kimoja! Nimekubeba mgongoni mpaka miguu yako inaburuza chini, nikakuomba kitu kimoja!"

"Nisamehe, Bibi Mdogo."

"Nyamaza, Zaituni," alisema Mwasiti. Hakupandisha sauti. Alinawa mkono wake polepole, akaufuta. "Jicho jekundu walilolisema majirani. Ulisema ni vumbi la kupepeta."

"Lilikuwa vumbi pia."

"Umenidanganya ndani ya nyumba yangu."

"Nimekudanganya mara ngapi maishani? Hii moja!"

"Kwa nini yangu isiwe ya mtu mwingine?" Sasa sauti ya Mwasiti ilipanda. "Unajua mimi nikiamka asubuhi nafanya nini? Nashukuru. Maji ya kunawa, asante Zaituni. Uji, asante Zaituni. Kiatu, asante Zaituni. Nimeshukuru mpaka ulimi umeota sugu. Na wewe hujawahi hata kunikaripia ili nipumzike! Nilikuwa nimejiwekea siku moja kichwani. Nitaona, kwa jicho la mtu nisiyemjua huko, nitaamka kabla yako, nitawasha moto mwenyewe, nitakuletea uji kitandani, na nitakuambia: kunywa, na usiniambie asante. Siku moja tu tuwe sawa. Sasa nikiona kwa jicho lako, hata huo uji nitakuwa nimekupikia kwa jicho lako."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Zaituni, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakumweleza mwenzake kinachoonekana.

"Sitaki," alisema Mwasiti. "Nasra, wape samaki wenu magamba yao." Akainuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani peke yake, akajigonga kizingitini, na hakumwita mtu.

*

Jumatatu asubuhi Nasra alimweleza Dk. Komba yote. Dk. Komba alikiweka kikombe chini.

"Ulijua amemkataa, ukachukua?"

"Nilijua."

"Nasra." Alivuta kiti, akakaa. "Mimi ninakupenda kama dada yangu, lakini hili nalipeleka kwenye jopo."

"Lipeleke. Ndiyo maana nimekuambia."

Jopo la maadili halikuchukua muda mrefu. Nasra aliondolewa kwenye kuchukua tishu za watu kwa mwaka mzima. Aruhusiwe kulisha seli, basi. Konea ikae kwenye kiatamizi mpaka izeeke yenyewe, kisha ichomwe, maana hapakuwa na mgonjwa mwingine wa kulingana nayo. Na kwa umri wa Zaituni, jicho lake lisingeguswa tena. Kukataa kwa mpokeaji, walisema, kunaweza kuondolewa na sauti ileile iliyokuweka, si nyingine.

Nasra aliendelea kuilisha. Kila asubuhi alibadilisha maji ya waridi, akatazama kwenye hadubini. Katikati ya wiki aliona seli mbili tatu ukingoni zimeanza kutanuka na kulegea, dalili ya kwanza ya uzee. Hakumwambia mtu. Hakukuwa na wa kumwambia.

Alhamisi alisikia vishindo kwenye ukumbi, akatoka. Walikuwa wanakuja wawili, taratibu mno, mmoja kwa sababu haoni na mwingine kwa sababu magoti hayakunjiki. Walikuwa wameshikana mikono, na kila mmoja ameelekeza uso upande wake.

"Shikamooni," alisema Nasra.

"Marahaba," walijibu kwa pamoja, kisha wakanuna kwa kujibu pamoja.

"Mwambie mwenzangu," alisema Mwasiti, "akae kwenye kiti, magoti yanamlia nasikia mpaka huku."

"Mwambie mwenzangu," alisema Zaituni, "mimi nimemleta tu kwa kuwa hakuna gari linalojua nyumba yetu. Tangu Ijumaa hatusemezani."

"Mmekujaje bila kusemezana?"

"Alinishika mkono akauvuta," alisema Mwasiti.

"Yeye ndiye aliyeuvuta," alisema Zaituni.

Nasra aliwaketisha. Dk. Komba, aliyekuwa anapita, alipunguza mwendo, kisha akaamua kusimama kabisa.

Mwasiti alielekeza uso wake pale ilipokuwa sauti ya Nasra. "Hiki kitalu chenu kinaotesha macho tu?"

"Hapana, Bibi. Ngozi pia. Na gegedu."

"Gegedu ya magoti."

"Ndiyo."

"Mlichukua pua ya huyu, ikagoma. Niambie, daktari. Pua yangu je?"

Nasra alimgeukia Dk. Komba, naye akamwonyesha kwa kichwa: ajibu.

"Seli za puani ndizo zinazoota vizuri gotini, Bibi. Mkilingana upande mmoja, mara nyingi mnalingana na upande wa pili, lakini si lazima. Inabidi kupimwa. Na seli zako nazo ni za mtu mzima. Siwezi kukuahidi."

"Nipimeni."

"Hapana!" Zaituni alisahau kwamba hasemezani. "Wewe mwanamke una wazimu? Upasuliwe pua kwa ajili ya magoti yangu? Mtu akatembea na pua ya mwenziwe? Nikikanyaga vibaya si itakuwa inapiga chafya?"

"Ipige."

"Sitaki! Usijisumbue, magoti yenyewe yamezeeka. Umri huu utatoka damu, utaugua bure. Sitaki kitu chako mwilini mwangu, nitakuwa nakitazama kila siku nikijua umeumia kwa—" Hapo sauti ikamkatika.

Mwasiti alingoja.

"Ehee," alisema kwa upole sana. "Malizia."

Zaituni aliyatazama magoti yake.

"Kitamu?" Mwasiti aliuliza. "Mimi nimekila hicho miaka yote."

Dk. Komba alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Zaituni alivuta pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, na aliposema sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikujua kina uzito hivi."

"Kina uzito."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje, nawe hujawahi kunipa nafasi ya kukasirika?" Mwasiti alinyoosha mkono hewani, Zaituni akaukuta katikati. "Unaichukua pua yangu?"

"Naichukua."

"Useme sawasawa."

"Naichukua pua yako, Mwasiti. Ikipiga chafya, juu yako."

Mwasiti alimgeukia Nasra, akajiweka wima vilevile kama siku ya kwanza. "Lete chombo chako cha kusikilizia."

Nasra hakuwa na ruhusa ya kukigusa. Ni Dk. Komba aliyekileta, akakiweka mezani mwenyewe, na Mwasiti akatamka kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwamba yeye, Mwasiti binti Hassani, yale aliyoyasema ameyaondoa, na kwamba jicho la Zaituni analitaka, lenyewe hasa, na wakileta la mtu mwingine atalirudisha.

Walimpasua alasiri ileile, kwa kuwa Nasra sasa alisema kuhusu zile seli za ukingoni zilizoanza kulegea, na Dk. Komba akasema hawana hata kesho ya kupoteza. Walichukua na punje ya pua papo hapo, kwa ganzi ileile. Mlinganishi uliwasha taa ya kijani. Kama seli zenyewe zitaota, hilo lilikuwa jambo la kungoja.

*

Siku ya kufunguliwa bandeji Nasra alikuwa amevaa gauni jipya, na aliona aibu kidogo kwa hilo. Dk. Komba alifungua tabaka la mwisho, akapunguza mwanga wa dirisha.

"Usifungue kwa haraka, mama. Fungua kama unaamka."

Mwasiti alifungua. Jicho lilikuwa jekundu na limejaa maji, lakini katikati, pale palipokuwa na kovu jeupe tangu Nasra azaliwe, palikuwa peusi, panang'aa, na panatazama. Lilizunguka chumbani likishika kila kitu na kukiacha. Lilifika kwa Nasra, likakaa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

"Sogea." Mwasiti alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kuelekea mwanga. "Kuna ukungu kidogo."

"Utaondoka, kila siku utapungua."

"Mbona hakuna aliyeniambia kwamba wewe ni mzuri hivi?" alisema Mwasiti, na Nasra, aliyekuwa amejiapiza kwamba hatalia mbele ya daktari, alilia mbele ya daktari.

Kisha Mwasiti akamwachia.

"Yuko wapi?"

"Yuko nje, kwenye benchi. Alikataa kuingia." Nasra alijipangusa. "Anasema mara ya mwisho ulipomwona alikuwa kijana mwenye shingo nzuri. Anaogopa."

Mwasiti alishuka kitandani. Nasra akanyoosha mkono kumshika, bibi akaupiga kibao kidogo. Alitembea mwenyewe, akivuta miguu, akaushika mlango, akatoka.

Kwenye benchi la ukumbini walikuwa wamekaa kina mama wazee watano waliokuja kliniki. Wa mwisho kabisa, karibu na ukuta, alikuwa Zaituni. Alikuwa amejivuta khanga mpaka puani, ameinama, anatazama sakafu. Wenzake wote waligeuka kumtazama kikongwe aliyetoka na jicho jekundu na uso wa mtu aliyefika mji mgeni. Mwasiti alisimama mbele ya benchi. Alimtazama wa kwanza. Akamtazama wa pili. Mbele ya wa tatu, mama mnene mwenye miwani, aliinama, akamkumbatia kwa nguvu.

"Zaituni wangu," alisema. "Mashallah, umenawiri!"

Mama wa watu alipigwa na butwaa. "Mimi siye—"

"Shingo ileile! Umekuwa mzuri kuliko zamani!"

Mwisho wa benchi khanga ilishuka. "Mwasiti!" Sauti ilisikika ukumbi mzima. "Mimi niko hapa! Huyo humjui! Mnafanya nini hapa Kitaluni, mmemwekea jicho gani? Mwachie mama wa watu, mimi niko hapa!"

Mwasiti alimwachia yule mama, akamshika bega na kumwomba radhi. Akasogea mpaka mwisho wa benchi, akakaa, bega kwa bega na mke mwenzake, akamtazama usoni bila kupepesa, mikunjo, mvi, na machozi yaliyokuwa yanashuka.

"Nimekuona tangu mlangoni," alisema. "Nilitaka nione kama bado una wivu."